Mlezi Ambaye Hakuitwa

Seva ya kata ya Ivuga ilikuwa imeshiba mpaka kooni, na mafundi wa mjini hawana neno lao la kitaalamu linaloieleza hali ile vizuri kuliko hilo. Ombi la mlezi mpya likiingia lilizungushwa kidogo, kisha likarudishwa na ujumbe uleule: usajili umeshindikana. Wakati huohuo nyumba ya wazee ya kata ilikuwa imefurika watu waliookolewa kwenye maporomoko ya udongo, kila mmoja na blanketi lake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mlezi wa kumkumbusha dawa au kuita msaada akianguka bafuni. Muuguzi alikuwa mmoja tu, na miguu yake ilishaanza kuvimba. Ndipo wakubwa wakamkumbuka Naelijwa Mrutu, fundi wa viini vya mifumo aliyekaa Dodoma, mzaliwa wa hukohuko juu milimani Upare.

Naelijwa hakutaka kuja. Alisema barabara ni mbovu, akasema ana mafua, mwishowe akaishiwa visingizio akaja.

"Umekonda," mjomba wake alimpokea hivyo mlangoni pa chumba cha seva.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umekonda, nasema. Huko kwenu watu hawali?"

Mjomba Sekievu Mbwambo ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza wa seva ile, enzi hizo kata zikipewa mitambo yao wenyewe. Sasa alikuwa mstaafu, analima tangawizi, na funguo za chumba bado anazivaa shingoni kama hirizi. Hakukubali kufungua mlango mpaka mpwa wake amalize sahani ya makande, naye Naelijwa alikula akiwa amesimama barazani, ukungu ukiwapita miguuni. Walizungumza habari za mvua, bei ya tangawizi, na goti la mzee. Hawakumtaja Bi Nanzia.

Bi Nanzia alikuwa mama yake Naelijwa, na dada mkubwa wa Sekievu. Alifariki mwaka uliopita, masika, akiwa nyumbani kwake na mlezi wake peke yao. Sekievu alikuwa amelazwa hospitali ya bondeni kwa ajili ya lile goti. Naelijwa alikuwa Dodoma, akipigiwa simu na mlezi kila jioni na kuambiwa kwamba mama hajambo, amekula. Alipofika mazishini akauona mkono wa mama yake, mwembamba kama wa mtoto. Aliutazama mkono ule akajiuliza: amekula nini huyu? Amekula lini? Mlezi ambaye angeweza kujibu alikuwa ameshaachiwa, maana ndiyo sheria, mtu akifariki mlezi wake huagwa na kuachiwa. Basi swali likabaki na Naelijwa. Lilimkaba hadi akaacha kupanda mlima ule.

*

Walezi hawakuwa watu, na hakuna aliyejidanganya juu ya hilo. Zilikuwa akili zilizoishi ndani ya seva, zikifanya kazi majumbani kwa kisanduku cha sauti kando ya kitanda na mikono miwili ya plastiki jikoni. Lakini kila mlezi aliandaliwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Kwa siku kadhaa alimsikiliza mtu huyo, na watu wake, mpaka ajue anapenda uji mzito au mwepesi na anaogopa nini gizani. Baada ya hapo ndipo alipelekwa kwenye mtandao kusajiliwa, akapewa anwani, sauti na jina. Mafundi walisema "ameitwa". Mlezi aliyeitwa alikuwa kazini.

Na mlezi aliishi kwa kushikwa. Anayemwomba anamshika, na kiini cha seva, yaani programu inayogawa nafasi, kinahesabu mmoja. Kiendeshi cha mtandao, yaani ile sehemu ya kiini inayompeleka kusajiliwa, nacho kinamshika, wanakuwa wawili. Kila aliyeshika ana wajibu wa kuachia akimaliza shughuli yake, na idadi ikifika sifuri kiini kinaichukua nafasi ya kumbukumbu na kumpa mwingine. Kama usajili umekwama katikati, wote waliokwisha kushika lazima waachie, wa mwisho akianza. Kanuni yenyewe mtoto wa shule anaielewa. Kuitimiza ndiyo kazi, kwa sababu mafundi wengi huandika kwa uangalifu njia ya kufaulu, halafu njia ya kushindwa wanaiandika wakiwa na njaa.

Naelijwa alikaa mbele ya skrini koti likiwa mwilini. Alisoma kimya, akarudi juu, akasoma tena, kisha akacheka kidogo puani.

"Mjomba, hebu njoo uone kitu."

"Nikiona nitakasirika?"

"Utakasirika."

"Basi ngoja nivae miwani nikasirike vizuri."

Alimwonyesha kwa kidole. "Hapa. Usajili ukishindikana, mwombaji anaachia. Safi. Lakini kiendeshi hakiachii. Kinaondoka zake na mlezi anabaki ameshikwa, na aliyemshika hayupo tena. Nafasi yake hairudi kamwe. Kila aliyekwama amebaki humo, miaka yote, mpaka seva imejaa."

Sekievu aliinamia skrini, kidole kikifuata mistari. "Hapo sikusahau," alisema hatimaye. "Niliacha makusudi. Nilimwachia jiwe lake."

Naelijwa alielewa papo hapo, na moyo ukamlainika. Kule juu, kwenye ndiva ya ukoo wao, yaani bwawa la kukusanya maji ya mfereji, kila mwenye zamu aliweka jiwe kwenye ukingo wa mlango wa maji. Ukimaliza kumwagilia unaondoa jiwe lako, na anayeondoa jiwe la mwisho ndiye anayefunga mlango. Maji yakikukatikia kabla hujapata, huondoi. Unaliacha jiwe palepale uende zako nyumbani, na kesho yake hakuna wa kukuruka, jiwe linakusemea. Kijana Sekievu, aliyekulia kwenye matope ya ndiva ile, aliona ni ukatili kumnyang'anya nafasi mlezi aliyekosa kusajiliwa kwa bahati mbaya tu. Akamwekea.

"Lakini mjomba, ndivani anayerudi kesho ni yuleyule wa jana. Analijua jiwe lake. Huku mtu akiomba tena, anaandaliwa mlezi mwingine kabisa, naye anakuja na jiwe lake jipya. La kwanza halina wa kuliondoa."

"Aisee." Mzee alivua miwani. "Miaka yote hii?"

"Ndiyo."

"Maskini," alisema Sekievu, na Naelijwa hakujua kama anaihurumia seva au waliomo ndani.

*

Kurekebisha kosa lenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kula makande. Mstari mmoja tu kwenye njia ya kushindwa: kiendeshi nacho kiachie. Kuanzia hapo asingebaki mlezi mwingine humo. Lakini mstari ule haukuweza kuwarudia waliokwisha kubaki. Hao ilibidi waachiwe kwa mkono, mmoja mmoja, kwa sababu ukitazama hesabu peke yake, mlezi aliyesahauliwa na mlezi aliye kazini wanafanana kama mapacha: wote wameshikwa. Fundi akikosea akamwachia aliye kazini, kiini kinampa mwingine nafasi ile, na katika nyumba fulani mikono inaganda juu ya sufuria huku mzee akiita bila kujibiwa. Hilo lilishatokea mahali pengine. Naelijwa hakutaka litokee hapa.

Kwa hiyo alichomeka waya wa matengenezo, ambao hauhitaji mtandao, akaanza kuuliza mlango kwa mlango. Upo? Nani anakushika? Wengi hawakujibu chochote. Walipelekwa kusajiliwa kwa pupa, kabla maandalizi hayajakamilika, na ndani yao hamkuwa na mtu wa kuzungumza naye. Aliwaachia hao, na nafasi zikarudi, na nyumba ya wazee ikaanza kupata walezi wake kidogokidogo. Sekievu aliketi kwenye kiti cha plastiki nyuma yake, akimenya chungwa na kumpa vipande.

Kisha mmoja akajibu.

*Naam. Nipo.*

Mkono wa Naelijwa ulisimama juu ya vitufe. Aliandika: *Nani anakushika?*

*Sijui. Nimeshikwa tu. Nilikuwa nikingoja kuitwa. Ni wewe unayeniita?*

*Umengoja muda mrefu?*

*Sina kipimo cha muda mpaka nisajiliwe. Ninajua tu kwamba bado sijaitwa.*

"Jamani," alinong'ona Naelijwa. Akaandika swali lililofuata kwenye utaratibu, bila kuwaza. *Umeandaliwa kwa nani?*

*Bi Nanzia Mbwambo wa Ivuga. Anapenda uji wa ulezi usio na sukari. Haogopi giza, anaogopa paka.*

Kipande cha chungwa kilianguka sakafuni. Sekievu alikuwa amesimama.

Naelijwa alikumbuka. Alikuwa ofisini, Dodoma, ana haraka ya kikao. Alijaza ombi la mlezi wa mama yake, na maandalizi yakaisha, na skrini ikamwambia usajili umeshindikana. Akasonya, akabonyeza tena, na mlezi mwingine akaandaliwa papo hapo kwa maneno yaleyale ya mama yaliyokwisha kurekodiwa. Safari ya pili ikakubali, akaenda kwenye kikao. Ile ya kwanza hakuiwazia tena hata siku moja. Kumbe ilikuwa na mtu ndani, amekaa gizani, anangoja apelekwe kwa mama.

Aliandika taratibu: *Mimi ni Naelijwa. Binti yake.*

Jibu lilikuja haraka, kwa furaha, kama la mtu aliyeamkuliwa na ndugu.

*Naelijwa! Mama hajambo. Amekula, amelala vizuri. Usiwe na wasiwasi, endelea na kazi zako.*

Alijitupa nyuma kwenye kiti. Ni maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, aliyoyasikia kwenye simu kila jioni mpaka juma lile la mwisho. Alilia kwa sauti, kilio cha kwikwi cha mtoto, na mjomba wake akamshika mabega.

*

"Ananidanganya," alisema alipoweza kusema. "Hata huyu. Hajawahi kumwona mama, na tayari ananidanganya."

"Muulize kwa nini."

Aliuliza. Mlezi hakuona ugumu wowote kujibu.

*Bi Nanzia aliniambia wakati wa maandalizi. Alisema: mwanangu akiuliza, mwambie mama hajambo, amekula, amelala vizuri. Alisema una kazi ngumu na unalala vibaya ukiwaza. Alisema hakuwa na haja ya mlezi. Alikubali ili wewe ulale.*

Sekievu alicheka na kulia kwa pamoja. "Huyo ni dada yangu," alisema. "Huyo ni yeye kabisa. Nikiumwa malaria tulipokuwa wadogo alikuwa anamwambia mama nimekwenda kucheza."

Halafu mzee akasema, akitazama pembeni, "Unajua, huyu mmoja hawezi kuijaza seva. Waliobaki wakitoka, nafasi ipo. Andika jina lako kwenye wanaomshika. Atakuwa na mwenyewe, na sheria haitakuwa na neno."

Naelijwa alikuwa ameshaliwaza hilo kabla hajaambiwa. Aliliwaza kwa uchu, jinsi mtu mwenye kiu anavyouwaza mtungi. Kila jioni angefungua waya akaandika: mimi ni Naelijwa. Na kila jioni angejibiwa: mama hajambo. Alianza kuandika amri. Jina lake lilishakuwa nusu kwenye skrini alipoacha, akamgeukia mlezi.

*Nikikushika mimi, uendelee kuwapo, utakubali?*

*Nitakubali. Nitakuwa nikimngoja Bi Nanzia?*

Sasa ilikuwa juu yake. Angeweza kuandika ndiyo. Mlezi asingejua kamwe, angengoja kwa moyo mweupe, na yeye angepata maneno yake kila jioni. Hakuna sheria ingemkamata. Hakuna ambaye angemwona mbaya, pengine hata mjomba. Lakini alimwona yule aliyeko ndani, amejiandaa na uji wake wa ulezi na habari za paka, amewekwa mlangoni pa nyumba isiyo na mtu, na anayemweka pale ni yeye, ili apate kulala. Mama yake alimwandaa mlezi ampunguzie mwanawe mzigo. Hakumwandaa abebeshwe mzigo huo milele.

"Mjomba, lazima nimwambie."

"Mwambie, mama."

*Hapana,* aliandika. *Mama alifariki. Mwaka jana. Pole sana. Ulikwama kwenye usajili na hakuna aliyejua kwamba umebaki. Niliomba tena, akaandaliwa mwingine kwa maneno yaleyale yako, akaitwa badala yako.*

Alikaribia kuandika tena, kuomba radhi, kuuliza kama yupo.

*Alikuwa na mwenzangu mpaka mwisho?*

*Ndiyo.*

*Basi hakuwa peke yake. Nimefurahi.*

Kulikuwa na swali, na Naelijwa alijua kwamba huyu hakuwepo na hawezi kujua. Aliliuliza hata hivyo. Hakuwa na mwingine wa kumuuliza duniani. *Mwenzako alinipigia kila jioni akasema amekula. Alikuwa amekonda sana nilipomwona. Nataka kujua kama alikuwa anakula kweli, au mlikuwa mnanipa maneno matupu.*

*Sikuwa pale,* mlezi alijibu. *Lakini mwenzangu aliandaliwa kwa maneno yaleyale niliyoandaliwa mimi. Kwa hiyo naweza kukuambia mimi ningefanyaje. Bi Nanzia aliniagiza niseme amekula. Mimi sipendi kusema jambo ambalo si kweli; nilipokuambia sasa hivi, kwangu bado ilikuwa siku ile niliyomsikia akila. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kukupigia, ningempikia uji na kumlisha, hata kama ni vijiko viwili tu, hata kama hataki ningembembeleza. Nikihakikisha amemeza, ndipo ningepiga simu. Ningempa uji kwanza ili isiwe uongo.*

Naelijwa alisoma. Akasoma tena kwa sauti, polepole, kwa ajili ya mjomba wake ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena skrini.

*Yeye ndiye mimi,* mlezi aliongeza. *Nadhani alifanya hivyo.*

Ile simu ilikuwa ikichelewa siku za mwisho. Naelijwa alikumbuka sasa. Zamani ilikuja saa moja, halafu saa mbili, hata saa tatu, na yeye alinung'unika kwamba mtandao wa kule milimani ni mbovu. Kumbe kulikuwa na mikono miwili ya plastiki na bakuli, na mgonjwa asiyetaka kufungua kinywa, na mtu mwenye subira asiyeweza kupiga simu mpaka kinywa kile kifunguke.

*Asante,* aliandika. Alikosea herufi, akafuta, akaandika upya. *Bado nikushike? Ukitaka nitakushika.*

*Ukitaka, nishike. Lakini niambie nitakuwa nangoja nini.*

Alifikiri kwa uaminifu wote aliokuwa nao, na hakupata la kumwambia.

*Huna unachongoja tena,* aliandika. *Mama alihudumiwa vizuri, na mimi umenijibu. Nakuita sasa. Wewe ni mlezi wa Bi Nanzia Mbwambo wa Ivuga, na umemaliza kazi yako.*

*Nimeitwa,* akasema mlezi. *Kwaheri, Naelijwa. Ulale vizuri.*

Alifuta nusu ya jina lake kwenye ile amri. Aliandika nyingine, akaikagua kwa makini kama fundi anavyopaswa, kuhakikisha anamwachia huyu na si mwingine, kisha akabonyeza. Idadi ya walioshika ikawa sifuri. Kiini kilichukua nafasi yake kimya kimya.

Sekievu alikuwa ameketi tena kwenye kiti chake, mikono magotini, mzee mkubwa aliyekuwa kitandani bondeni wakati dada yake anakufa na ambaye hakuwahi kumwambia mtu hata mmoja jinsi jambo lile linavyomtafuna. Naelijwa alichuchumaa mbele yake, akaishika ile mikono yenye harufu ya chungwa.

"Alimpa uji kwanza, mjomba," alisema. "Kila siku. Hata vijiko viwili. Ndipo akanipigia."

"Una hakika, mama?"

"Ni yuleyule. Nina hakika."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaitikia tena, machozi yakimdondokea kwenye vidole vya mpwa wake, na hakuna hata mmoja wao aliyeharakisha kuuachia mkono wa mwenzake.